Hifadhi ya wazi ya data za darubini za redio: maana yake

Darubini ya redio haioni mwanga. Ni antena, mara nyingi yenye umbo la sahani kubwa, inayopokea mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota, galaksi na gesi iliyotapakaa baina yake. Mitambo iliyounganishwa nayo hupima nguvu ya mawimbi hayo katika kila masafa, tena na tena ndani ya sekunde moja, na kuandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Hifadhi ya wazi ni mahali kwenye intaneti ambapo tarakimu hizo huwekwa, pamoja na maelezo ya namna zilivyopatikana, ili mtu ambaye hakuhusika kabisa na uchunguzi wa kwanza aweze kuzitafuta, kuzipakua na kuzichambua upya bila kumwomba ruhusa aliyezikusanya.

Maneno ya kuzingatia katika maelezo hayo ni “kuzichambua upya”. Matokeo ya utafiti huchapishwa katika majarida tangu zamani, na hilo halihitaji hifadhi. Kinachohifadhiwa hapa ni malighafi, na malighafi ya redio ina sifa moja muhimu: huwa na mambo mengi kuliko swali aliloliuliza mkusanyaji wake.

Mfano bora ninaoufahamu unatoka Parkes, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, kwenye darubini yenye kipenyo cha mita 64 iliyozinduliwa mwaka 1961. Mwaka 2001 darubini hiyo ilielekezwa kwenye Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, ili kutafuta pulsa, yaani masalia ya nyota zilizolipuka ambayo huzunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio kwa vipindi visivyobadilika. Kazi hiyo ilikamilika na data zikawekwa. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake, akiwemo mwanafunzi David Narkevic aliyekuwa akizipitia data hizo, walitangaza kwamba ndani yake mlikuwa na pigo moja kali mno, lililodumu kwa muda usiofika milisekunde 5 na ambalo halikujirudia. Elektroni huru zilizomo angani huyachelewesha mawimbi ya masafa ya chini zaidi ya yale ya masafa ya juu. Katika pigo lile ucheleweshaji ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao elektroni za galaksi yetu zingeweza kuusababisha, na kwa hiyo chanzo chake kilikuwa mbali sana nje yake. Aina nzima ya matukio ya anga, ambayo leo huitwa mipasuko ya haraka ya redio (FRB kwa kifupi cha Kiingereza), ilianza kujulikana kwa kupitia rekodi iliyokwisha kutimiza miaka sita.

Kisa hicho kina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana. CSIRO, shirika la utafiti la Australia linaloiendesha Parkes, lilianza kuziweka rekodi za pulsa za darubini hiyo katika hifadhi ya intaneti, na mwaka 2019 watafiti waliozichambua upya data za uchunguzi ule ule walikuta mpasuko wa pili, FRB 010312, ambao jina lake linabeba tarehe ya kurekodiwa kwake, 12 Machi 2001. Ucheleweshaji wake ulikuwa takribani mara tatu ya ule wa kwanza. Ulikuwamo muda wote huo, katika data zilizokuwa maarufu kuliko nyingi, ukisubiri mtu wa kuutafuta kwa kipimo kipana zaidi cha ucheleweshaji.

Hifadhi hutunza makosa pia, na hilo lina manufaa yake. Katika rekodi za Parkes mlikuwa na mapigo mengine yaliyofanana na ya Lorimer, ila yalionekana kutoka ardhini, na kwa miaka kadhaa yaliwafanya wengine wautilie shaka hata ule mpasuko wa kwanza. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba yalitokana na oveni za maikrowevu za pale kituoni, mlango ulipofunguliwa kabla oveni haijamaliza kazi. (Ni nadra chakula cha mchana cha mtu kuingia katika kumbukumbu za sayansi kwa usahihi wa kiasi hicho.) Kama rekodi zingesafishwa na kubakizwa “zilizo nzuri” tu, jambo hilo lisingeweza kupambanuliwa.

Kuweka data mahali pa wazi si sawa na kuzifanya zitumike. Faili la tarakimu lisilosema antena ilielekezwa wapi, saa ngapi, katika masafa yapi na kwa kipokezi gani ni kelele tupu. Ndiyo maana wanaastronomia walikubaliana mapema juu ya muundo wa FITS, ambao kila faili lake huanza na utangulizi wa maelezo unaosomeka na binadamu na kompyuta vilevile, na ambao Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliuidhinisha mwaka 1982. Tangu 2002 kuna pia muungano wa IVOA, unaoweka kanuni za kuiwezesha programu moja kuziuliza hifadhi za nchi nyingi kwa namna moja.

Ugumu huongezeka pale antena nyingi zinapofanya kazi pamoja. VLA, darubini ya redio ya New Mexico, Marekani, ina antena 27, na kinachorekodiwa ni ulinganisho wa kila antena na kila nyingine, yaani jozi 351. Picha hukokotolewa baadaye, baada ya kurekebisha hitilafu za angahewa na za mitambo. Maamuzi ya mkokotoaji huathiri picha. Mtandao wa darubini uliotoa picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 mwaka 2019 uliziweka wazi data zake zilizorekebishwa, na mwaka 2022 kundi la watafiti wa Japani lilizitumia likapata umbo tofauti na pete iliyotangazwa. Wenye kazi ya kwanza walijibu kwa kuonyesha kasoro walizoziona katika njia ya wenzao. Bila data hizo mabishano yangekuwa ya maneno matupu.

Uwazi huu kwa kawaida huja baada ya muda. Aliyebuni uchunguzi hupewa haki ya kuzitumia data peke yake kwanza: miezi 12 kwa VLA na kwa ALMA, mtandao wa antena ulioko Chile, miezi 18 kwa Parkes. Naona utaratibu huo ni wa haki, hasa kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu yake na ambaye angeweza kupitwa na kundi lenye kompyuta kubwa.

Kompyuta hizo ndizo zitakazoibadilisha maana ya neno “wazi”. SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia huku Kenya ikiwa miongoni mwa nchi washirika wa Afrika, inatarajiwa kuhifadhi takribani petabaiti 700 kila mwaka (petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja). Mtu wa Nairobi mwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde angehitaji kama miaka 25 kuipakua petabaiti moja tu. Kwa hiyo data zitakaa katika vituo vya kanda, na mtafiti atatuma programu yake ikafanye kazi huko na kurudisha majibu. Katika mpango wa namna hiyo, kibali cha kuingia kwenye hifadhi hakitoshi bila mgao wa muda wa kompyuta za kituo, na kanuni za kuugawa muda huo ndizo zitakazoamua nani anaweza kuuliza swali lake.