Mwizi Hahitaji Shoka

Jumamosi iliyopita, barazani kwetu Isevya, Tabora, mpwa wangu alitengeneza mhusika wake wa kwanza wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kupigana kwa kurusha madadu. Akachagua kazi ya mwizi. Nikafurahi. Kisha akafungua jedwali la silaha, kidole kikateremka polepole, kikagota kwenye shoka kubwa.

"Mjomba, hili si ndilo lenye dadu la 12?"

"Ndilo, mjomba. Lakini wewe ni mwizi."

"Kwani mwizi haui?"

Huyu ni wa nne mwaka huu. Sauti imenikauka, acha niandike.

Dadu la 12 lina nyuso kumi na mbili, la sita nyuso sita, na namba inayotoka ndiyo madhara ya pigo. Watu wanaamini dadu kubwa ndiyo silaha kali, na ukipewa dogo umepunjwa. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 kila silaha ilipiga dadu la sita, kisu sawa na upanga. Madadu tofauti yaliletwa na kitabu cha nyongeza cha 1975. Jedwali hilo halikushuka kutoka mbinguni.

Chukua goblini, kiumbe adui mdogo wa mchezoni, kwa kanuni za toleo la tano la 2014. Uhai wake 7. Kila mhusika wetu ni levo ya kwanza, anaongeza 3 kwenye madhara, na tuseme pigo limeshampata. Mwenye shoka kubwa anahitaji dadu litoke 4 kwenda juu: nyuso 9 katika 12. Upanga mkubwa unarusha madadu mawili ya sita. Nao kilele chake ni 12, lakini kupata jumla ya 4 kwenda juu kuna njia 33 katika 36. Yaani shoka humwacha goblini hai mara moja katika nne, upanga mara moja katika kumi na mbili. Anayesema "yote si 12 tu?" hajawahi kucheza ludo kwa pesa.

Sasa jambia la mwizi, dadu la nne, kitu cha kumenyea embe. Akimvizia adui, au mwenzake akiwa ameshamkabili huyo adui kwa karibu, mwizi anaongeza dadu la sita. Mara 21 katika 24 goblini kafa. Kisu kimelipita shoka! Na shambulio hilo la kuvizia linakubali silaha za wepesi wa mkono au za kulenga kwa mbali tu. Mwizi akishika shoka, ujuzi wake wote umelala, na hata kulitumia hakufundishwa.

Lakini mpe shoka hilohilo yule tunayemwita Mkali, anayepigana kwa hasira. Hasira inaongeza 2. Shoka sasa linaua mara 11 katika 12, na upanga mkubwa hauachi hata goblini mmoja. Silaha ni zilezile, kazi ndiyo iliyobadilika. Soma kurasa za kazi yako kwanza, dadu liangalie mwisho.

Haya, mkuki. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna kijana aliniambia mkuki ni wa walinzi wa geti. Aliniambia hivyo Tabora! Hapo Urambo, kwenye reli ya Kigoma, mji umebeba jina la mtemi Mirambo, ambaye askari wake, rugaruga, kwa mikuki na magobori, walifunga njia ya misafara ya Ujiji. Kisha mtu anaona kitabuni mkuki ni sarafu moja ya dhahabu, upanga mkubwa 50, anadhani bei ni hukumu.

Mkuki ni dadu la sita kwa mkono mmoja, la nane kwa miwili, na unarushwa. Mkono wa pili unabeba ngao, ulinzi unapanda 2. Ongeza umahiri, yaani ujuzi wa ziada wa mhusika, wa silaha za mpini mrefu, ambao tangu masahihisho ya 2018 unaukubali mkuki: unachoma kwa ncha, kisha unapiga kwa kitako, dadu la nne, na ile 3 unaiongeza mara zote mbili. Yote yakipata, wastani ni 12. Upanga mkubwa bila umahiri ni 10, na hauna ngao. Ndiyo, najua, wa upanga naye ana umahiri wake wa kupunguza 5 kwenye kulenga aongeze 10 kwenye madhara. Sijasema mkuki ni mfalme. Nasema usiutukane.

Kinachoniudhi ni kwamba kitabuni mkuki unafika futi tano, sawa na jambia. Sawa na jambia! Nikaweka kanuni yetu ya nyumbani, ufike futi kumi. Hazikupita wiki tatu kila mtu mezani ana mkuki, hadi mchawi, na mapanga hayana mnunuzi. Nikaifuta. Mpaka leo sijui kama nilifuta kosa langu au nilirudisha kosa la kitabu.

Na hesabu yangu ya goblini ni ya goblini. Mpeleke mhusika huyohuyo kwa zimwi lenye uhai 59, tofauti ya shoka na upanga ni nusu pointi kwa pigo, wala hutaihisi. Tena, 12 ikitoka kwenye sinia barazani wote wanasimama wakipiga kelele. Hilo sina pa kuliweka kwenye hesabu.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, akafuta neno mwizi, akaandika Mkali. Dadu letu pekee la 12, lile lililochorwa upya namba kwa rangi ya kucha ya mama yake, sasa linalala mfukoni mwake.