Mwenyeji wa programu ni nani: laptopu au bodi?

Wiki hii, katika mazungumzo ya kukompaili kimtambuka, nimesikia tena kauli hii ya hosti (host) na tageti (target), na aliyeisema ni mtu anayeijua kazi yake: "Hosti ni laptopu, tageti ni bodi, basi." Nusu ya kauli hiyo ni kweli, na ndiyo maana inadumu.

Maana kwanza, kwa haraka. Kukompaili kimtambuka ni kutumia kompyuta ya aina moja kutengeneza programu itakayoendeshwa na ya aina nyingine, kwa mfano kutoka laptopu yenye prosesa ya x86-64 kwenda kwenye bodi, yaani kompyuta ndogo, ya Linux yenye prosesa ya ARM. Mnyororo wa zana ni vyote vinavyohitajika kwa kazi hiyo: kompaila inayotafsiri msimbo, asembla inayoukamilisha kuwa msimbo wa mashine, linka inayounganisha vipande, maktaba ya C kama glibc au musl, na faili za vichwa za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kompaila peke yake haitoshi. Na "mtambuka" ni neno zuri hapa, kwa kuwa kutambuka ni kupita juu ya kitu hadi upande wa pili, kama mtu anavyotambuka mfereji. Programu inazaliwa ng'ambo hii na kuishi ng'ambo ile.

Sasa hilo neno hosti. Kwa Kiswahili ni mwenyeji, yaani mwenye mji, yule anayempokea mgeni. Basi tujiulize mgeni ni nani. Ni programu. Itafikia wapi, itakaa kwenye kumbukumbu ya nani, itaendeshwa na prosesa ya nani? Ya bodi. Laptopu iliijenga tu, ikaiaga. Ndivyo wanavyohesabu tangu zamani watu wa GNU, mradi wa programu huria wenye kompaila ya GCC, katika chaguo za amri zao: --build ni mashine inayojenga, --host ni mashine itakayoipokea programu na kuiendesha, na --target inahusu tu programu ambayo yenyewe hutoa msimbo wa mashine, kama kompaila au linka. Kikokotoo hakina target. Seva ya wavuti haina target.

Niliona gharama ya kuchanganya haya nilipokuwa namsaidia kijana mmoja aliyepoteza jioni nzima. Kwenye configure, skripti inayotayarisha ujenzi, aliandika ./configure --target=arm-linux-gnueabihf, kwa kuwa alifundishwa kwamba bodi ni target. Skripti haikulalamika. Ilipokea neno lake, ikaendelea na kompaila ya kawaida ya laptopu, na faili ikatoka bila kosa hata moja. Alipoinakili kwenye bodi, ikakataa kabisa kuendeshwa. Alianza kushuku kadi ya kumbukumbu, kisha bodi yenyewe. Tulipoipima kwa amri ya file, inayotaja aina ya faili, jibu likaja mara moja: x86-64. Tukabadilisha --target kuwa --host, tukafuta vilivyojengwa awali, tukajenga upya, ikakubali.

Lawama si zake. Mkanganyiko una chanzo chake, tena cha heshima. Buildroot, zana ya kujengea mfumo mzima wa Linux wa bodi, huweka zana za laptopu kwenye saraka iitwayo host na mfumo wa bodi kwenye target. Kwenye kerneli ya Linux, HOSTCC ni kompaila ya mashine unayojengea. Hao hawakukosea, wanatazama kutoka upande mwingine tu. Hata GNU wenyewe, ukijenga kompaila ya GCC itakayokaa kwenye laptopu na kutoa msimbo wa ARM, watakuambia host ni laptopu na target ni ARM, kwa sababu safari hii mgeni ni kompaila, na anafikia kwenye laptopu. Kuna hata hali ya mashine tatu tofauti: unajengea kwenye moja, kompaila inakaa kwenye ya pili, msimbo wake unakwenda ya tatu. Inaitwa Msalaba wa Kanada, kwa kuwa wakati suala hilo lilipokuwa likijadiliwa, Kanada ilikuwa na vyama vitatu vya siasa vya kitaifa. Hapo ndipo "hosti ni laptopu, basi" inapovunjika vipande.

Jina lenyewe la mnyororo nalo hupuuzwa. Kwenye arm-linux-gnueabihf kuna prosesa, kuna kerneli, na kuna makubaliano ya jinsi faili za programu zinavyoelewana. Ile hf mwishoni inasema namba za desimali hupitishwa kwa rejista (nafasi ndogo za kuhifadhia ndani ya prosesa) za kitengo maalumu cha namba hizo. Ukichukua arm-none-eabi kwa kuwa tu imeanza na arm, umechukua mnyororo wa vifaa visivyo na mfumo endeshi, na Linux haimo.

Kwa hiyo unayemfundisha mwenzako, usimwambie mashine ipi ni hosti kabla hujamtajia programu inayojengwa. Laptopu ni mwenyeji wa kompaila; bodi ni mwenyeji wa programu ambayo kompaila hiyo inaijenga. Na configure inapopita, msomeshe mstari ule unaojibu kama kazi hii ni ya kimtambuka. Mstari huo ukijibu hapana, asiandike kwanza make, amri ya kujenga.