Moshi wa saa tisa na nusu kwenye geti la shule

Kwenye ukuta wa shule moja hapa Mtwara mjini, pembeni kidogo ya geti, kuna doa jeusi. Limeanzia usawa wa goti la mtu mzima, linafifia kadiri linavyopanda. Hapo ndipo gari la shule, Hiace ya dizeli, huegeshwa kila mchana, mkia ukiwa umeelekea ukutani. Nilipitisha leso nyeupe pale mara moja tu, ikatoka kama niliyofutia sufuria ya kuni. Hatua mbili kutoka pale alisimama binti wa darasa la kwanza akisubiri kuitwa jina. Pua yake haikuzidi mita moja na kidogo kutoka ardhini. Alikuwa ameuvuta mtandio wake hadi juu ya mdomo, na hakuna mtu mzima aliyemwambia afanye hivyo.

Mimi ni afisa afya mazingira. Miaka mingi kazi yangu imekuwa vyoo, visima, mama lishe, taka na mazalia ya mbu. Tukienda shuleni tunakagua matundu ya choo na maji ya kunawa, tunaandika ripoti, tunaondoka. Hewa ya getini sikuwahi kuiandika popote, mpaka mwanangu alipoanza shule na mimi mwenyewe nikawa mmoja wa wanaosubiri pale saa tisa na nusu.

Nikilizungumza jambo hili, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba sisi tuko pwani. Moshi ni shida ya Dar es Salaam na foleni zake, hapa upepo wa bahari unaubeba. Kuna ukweli ndani yake. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba kusi inavuma, na mchana karibu kila siku matlai au upepo wa baharini unaingia mjini. Lakini mtu aliyeamka alfajiri kwenda pwani anajua kwamba asubuhi mambo ni tofauti. Umande, yaani upepo wa nchi kavu, unatoka bara taratibu, hewa ya chini ni ya baridi na imetulia, haipandi. Moshi wa saa moja asubuhi, watoto wanaposhushwa, unalala pale pale hadi jua likolee. Na mchana, hata upepo ukiwepo, tazama umbo la mahali penyewe. Ukuta wa shule una mita mbili, magari yamepangwa mbele yake kama ukuta wa pili, na watoto wako katikati. Upepo unapita juu ya vichwa vyao. Chini, nyuma ya ukuta, hewa inazunguka tu. Ukitaka kuiona, washa udi pale ukutani uangalie moshi wake unavyojikunja badala ya kuondoka.

Kinachotoka kwenye ekzosi ni mchanganyiko. Upo mvuke wa maji, ipo hewa ukaa inayochangia joto la dunia, ipo kaboni monoksidi, zipo oksidi za naitrojeni zinazowasha koo na kubana kifua cha mwenye pumu, na yapo masizi. Masizi ndiyo yaliyoandika ule ukuta, ingawa sehemu mbaya zaidi ya masizi haionekani kwa macho. Ni chembe zenye upana wa chini ya maikromita 2.5, zile zinazoandikwa PM2.5. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa maikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi zingejipanga zaidi ya 20 kwenye upana wa unywele. Vumbi jekundu la barabara zetu, linalowapaka watoto soksi, kwa sehemu kubwa linanaswa puani na kooni, na tunalipiga chafya. Hizi ndogo zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa hadi 5, kwa sababu ushahidi ulionyesha madhara hata chini ya kiwango cha zamani. Moshi wa dizeli wenyewe, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kundi lenye tumbaku na asbesto.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa urefu. Anavuta pumzi kwa haraka kuliko sisi, na ukilinganisha na uzito wake anaingiza hewa nyingi zaidi. Mapafu yake yanaendelea kukua hadi anapokaribia miaka 20. Na pua yake iko karibu na bomba. Mimi nikisimama kando ya Hiace, moshi unanipata ukiwa umeshachanganyika na hewa kiasi. Yeye anaupata mbichi.

Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa binti wa miaka 9, mwenye pumu kali, aliyekuwa akiishi karibu na barabara kubwa yenye magari mengi kusini mashariki mwa London. Alifariki Februari 2013. Desemba 2020 uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kumuua, na jambo hilo likaandikwa kwenye sababu za kifo kwa mara ya kwanza Uingereza. Mama yake alipigania hilo kwa miaka. Sisemi Mtwara ni London. Ninachosema ni kwamba vyeti vyetu huandika pumu au nimonia, na hakuna anayeuliza mtoto alikuwa anasimama wapi.

Sasa tuje kwenye injini. Mafundi wetu wana neno zuri: gari likiwa limewashwa bila kwenda, liko sailensa. Gari dogo la petroli likiwa sailensa linakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka linaelekea juu zaidi. Mzazi anayefika saa tisa na dakika kumi ili apate nafasi ya karibu na geti, akaacha gari linanguruma dakika 20, amechoma kama robo lita bila kusogea hata hatua moja. Siku za masomo kwa mwaka zinakaribia 200. Hizo ni lita 50 hivi kwa gari moja, na kwa kuwa kila lita ya petroli ikiungua inatoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa, ni zaidi ya kilo 110 za hewa ukaa kutoka kwenye gari lililosimama. Zidisha lita hizo kwa bei ya Mtwara ambayo EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanaitangaza kila mwezi, uone ni shilingi ngapi.

Wazazi wengi huniambia kuwasha na kuzima ndiko kunakokula mafuta. Ilikuwa hivyo enzi za kabureta na choki. Kwa magari ya nozeli tunayoendesha leo, ukisimama zaidi ya sekunde 10, kuzima kunaokoa mafuta.

Halafu kuna masega. Magari mengi ya petroli yanaletwa kutoka Japani yakiwa na kifaa kwenye bomba la moshi, chenye matundu madogo kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu, paladi na rodi. Kazi yake ni kuigeuza gesi ya sumu kuwa isiyo na madhara makubwa kabla haijatoka nje. Kwa sababu ya madini hayo masega yana bei, na watu wanayatoa na kuyauza, wakimwambia mwenye gari kwamba gari litakuwa jepesi. Ukinunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini, muulize fundi wako kama masega yamo. Na hata yakiwemo, hayafanyi kazi mpaka yapate moto wa nyuzi kama 300. Anayetoka Shangani kwenda Ligula na gari lililolala usiku kucha anafika shuleni masega ndiyo kwanza yanapata joto. Safari fupi ya kumpeleka mtoto shule, kwa kila kilomita, ni miongoni mwa safari chafu kuliko zote ambazo gari lako linafanya.

Nilipoanza kukaa pale getini na daftari nilidhani nitaishia kuwaandika bodaboda. Wao ndio tunaowalaumu kwa kila kitu, na kweli wana makosa yao: mishikaki ya watoto watatu, na watoto wanaoungua miguu kwenye ekzosi wakipanda upande usiofaa. Ila kwa habari ya kuzima injini, bodaboda wametuzidi. Karibu wote huzima wakifika. Petroli wanainunua kwa pesa ya siku ileile, kila tone wanalihesabu. Wanaoacha injini ziwake ni sisi wenye magari yenye kiyoyozi, na magari ya shule ya dizeli.

Dereva wa ile Hiace ni mzee wa makamo yangu na zaidi. Nilimwendea kwa adabu.

"Shikamoo mzee wangu. Hili gari mbona hulizimi?"

"Marahaba mwanangu. Nikilizima haliwaki. Betri imechoka, mpaka lisukumwe. Nikimwambia tajiri, ananiambia mwisho wa mwezi."

"Na mwisho wa mwezi ukifika?"

"Unakuwa mwisho wa mwezi mwingine."

Basi kwa ajili ya betri moja, watoto wote wa gari lile walikuwa wanavuta moshi mara mbili kwa siku. Nilimfuata mwenye gari mwenyewe, nikamfanyia hesabu ya dizeli inayoungua bure. Suala la mapafu alilisikiliza kwa heshima. Hesabu ya dizeli ndiyo iliyomfanya atoe simu ampigie fundi. Sikuona ubaya. Betri ilinunuliwa wiki ile.

Kuhamisha magari yote kutoka getini kulikuwa kugumu zaidi. Niliomba nafasi kwenye kikao cha wazazi, nikaeleza kwamba umbali ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote: moshi wa gari lililo mita 50 au 100 kutoka kwa mtoto umeshatawanyika kabla ya kumfikia. Mama mmoja akasimama. "Bwana afya, mwanangu ana miaka sita. Unataka avuke barabara peke yake, bodaboda zinavyopita?" Ukumbi ukamuunga mkono, na alikuwa na haki. Wazazi wengi wanaleta magari kwa kuogopa magari, na kila gari linaloongezeka linaongeza sababu ya mzazi mwingine kuogopa. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokuja kwa miguu, ambao hapa kwetu ndio wengi. Wanapita kwenye moshi wa wenzao wanaobebwa, na wanachomoka kati ya magari yaliyoegeshwa ovyo.

Tulichokubaliana kilitoka kwa mwalimu wa zamu, si kwangu. Magari yote yanasimama kwenye uwanja wa miembe, upande uleule wa barabara, hakuna kuvuka. Watoto wanatoka kwa mstari, mwalimu mmoja mbele na matroni wa gari la shule nyuma, wadogo wameshika kamba. Bolzano, kule Italia, tangu mwaka 1989 wanafunga mitaa ya shule kwa magari saa za kuingia na kutoka. Sisi hatukuhitaji kufunga mtaa. Mtwara ilipangwa wakati wa ule mpango wa karanga wa Waingereza, wakitegemea jiji kubwa la bandari. Karanga zilishindikana, mpango ukafa mwaka 1951, barabara pana na viwanja vikabaki. Nafasi ambayo shule za Dar wanaililia sisi tunayo, tunaegeshea mbuzi.

Miembe ile ina maana kuliko nilivyotarajia. Watu hupenda kusema miti inasafisha hewa, lakini kwa moshi wa getini miti michache inasaidia kidogo sana. Faida yake niliiona kwa madereva. Novemba, jua la hapa linapokuwa kama pasi, hakuna atakayezima kiyoyozi akiwa juani. Chini ya mwembe, mtu anafungua vioo, anazima, anashuka, anaanza kuongea na mwenzake. Ukitaka wazazi wazime magari, panda kivuli kwanza.

Wapo wanaoniambia nisubiri gesi. Wanasema inatoka hapa hapa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, na tangu mwaka 2015 inakwenda Dar kwa bomba, kwa nini magari yetu yasitumie hiyo? Natamani sana. Injini ya gesi haitoi masizi kama dizeli. Lakini kufunga mtungi kunahitaji mtaji, na kuzungusha ufunguo hakuhitaji hata senti.

Mpango wa miembe umeshika tangu kusi ilipoanza kuvuma. Doa la ukutani halijaongezeka, ingawa bado lipo, nimemwomba mwalimu mkuu asilipake rangi kwanza. Kinachonikosesha usingizi ni msimu wa mvua. Mvua zikianza Desemba, hakuna mzazi atakayekubali mwanawe atembee mita 80 akilowa, na magari yote yatarudi getini vioo vikiwa vimefungwa na injini zikiwaka. Tunahitaji banda refu jembamba kutoka getini hadi miembeni. Nguzo za mikandaa zipo, mzazi mmoja kazitoa. Fundi kajitolea. Bati ndizo zinazopungua, na kikao cha kuzichangia ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, pale pale chini ya miembe.