Taa za molekuli: DNA inavyotambua herufi moja iliyobadilika

Taa ya molekuli ni kipande kifupi cha DNA kinachotengenezwa ili kiwake pale tu kinapokutana na mfuatano fulani wa vinasaba, na kibaki giza mfuatano huo ukibadilika hata kwa besi moja, yaani herufi moja ya DNA. Sanjay Tyagi na Fred Kramer waliieleza mara ya kwanza mwaka 1996, wakiwa New York. Kwetu Afrika Mashariki imo ndani ya katriji za GeneXpert, mashine inayopima makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu.

Kipande hicho kimejikunja kama pini ya nywele. Katikati kuna kitanzi chenye besi 15 hadi 30 hivi, na hicho ndicho kinachooana na mfuatano unaotafutwa. Ncha zake mbili zina besi chache zinazooana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hushikamana na kuwa shina. Ncha moja imebandikwa rangi inayong'aa, nyingine molekuli inayomeza mwanga wa rangi hiyo. Shina likifumba, giza. Kitanzi kikiupata mfuatano wake hujinyoosha na kukakamaa, shina linaachana, mwanga unaonekana.

Uhodari wote, kwa maoni yangu, uko kwenye shina. Kipande cha DNA kilichonyooka hakichagui sana: besi moja isipooana, zilizobaki zinaweza kukishikilia palepale. Taa ya molekuli ina njia ya pili, yaani kujifumba yenyewe. Katika joto lililochaguliwa vizuri, mfuatano ulio sahihi kabisa hulishinda shina. Wenye kasoro ya besi moja hushindwa.

Sasa tuingie kwenye kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukizuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kunakili DNA kuwa RNA, nakala inayotumika kutengeneza protini. Maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya kimeng'enya hicho yako kwenye jeni iitwayo rpoB, na zaidi ya asilimia 95 ya bakteria sugu kwa dawa hii wana mabadiliko katika eneo lake dogo la besi 81. Badiliko linaloonekana mara nyingi ni TCG kuwa TTG. Herufi moja tu, na dawa haifanyi kazi tena.

Katriji ya Xpert MTB/RIF, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali Desemba 2010, ina taa tano za rangi tano zinazolifunika eneo hilo lote. Mashine hulinakili eneo hilo mara nyingi, kisha huangalia rangi. Zote zikiwaka vizuri, kuna bakteria wa kifua kikuu na usugu haukuonekana. Moja ikikataa kuwaka au ikichelewa mno nyuma ya wenzake, jibu ni usugu wa rifampisini. Majibu hutoka ndani ya saa mbili, wakati kuotesha bakteria huchukua wiki kadhaa, na wiki hizo mgonjwa anaweza kuzimaliza akimeza dawa isiyomsaidia huku akiambukiza watu wa nyumbani kwake.

Lakini taa huona badiliko, haioni maana yake. TTC ikiwa TTT, protini inabaki ileile na dawa inaendelea kufanya kazi, ila taa ya pale inazimika na mgonjwa anaandikiwa kuwa ana kifua kikuu sugu. Toleo la Ultra, lililotoka mwaka 2017, lilipunguza tatizo hilo. Taa zake nne za usugu huruhusiwa kushika hata mfuatano wenye kasoro, kisha mashine huongeza joto na kupima kila moja inaachia kwenye nyuzi ngapi. Baadhi ya mabadiliko yasiyo na madhara hutambulikana kwa njia hiyo.

Eswatini kuna tatizo jingine. Aina moja ya bakteria sugu iliyoenea huko ina badiliko la rpoB nje ya zile besi 81. Taa zote zinawaka, jibu linasema hakuna usugu, na mgonjwa anapewa rifampisini. Hao huwezi kuwapata kwa katriji hii. Lazima jeni isomwe mpaka nje ya eneo hilo, au bakteria waoteshwe kwa njia zinazoweza kuuonyesha usugu wao.