Kwa nini ramani ya mwambao wa Kigoma naichora kwa vigae vya vekta

Ramani ya mtandaoni hukatwa vipande vya mraba ambavyo sisi wachora ramani huviita vigae. Katika ngazi ya sifuri ya ukuzaji dunia nzima hukaa ndani ya kigae kimoja, na kila unapokuza ngazi moja kila kigae huzaa vinne, hata ngazi ya 14 peke yake ikawa na vigae 268,435,456. Zamani vyote vilikuwa picha zilizokwisha kuchorwa kwenye seva, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, na ukiigeuza ramani, majina nayo yalipinduka.

Kigae cha vekta hakibebi picha bali maelezo ya maumbo yenyewe, yaani nukta, mistari na poligoni (maeneo yaliyozungushiwa mstari, kama ziwa) pamoja na sifa zake, kwa mfano kwamba mstari huu ni barabara ya kwenda Ujiji. Simu ndiyo inayochora. Kwa hiyo majina hubaki yakisomeka upande wowote utakaogeuzia ramani, rangi ya Ziwa Tanganyika hubadilishwa bila kupakua vigae upya, na kigae cha ngazi ya 14 hukuzwa hadi ya 20 mistari ikiwa bado safi. Kwa mtu anayehesabu bando lake, hilo la mwisho ni jambo kubwa, ingawa simu kuukuu hulemewa na kazi ya kuchora.

Usafi huo wa mistari, hata hivyo, si uthibitisho wa usahihi. Ndani ya kigae maumbo hupimwa kwa gridi ambayo mara nyingi ni ya hatua 4,096 kila upande: huku kwetu, hatua moja katika ngazi ya 14 ni kama sentimita 60, lakini katika ngazi ya 10 inakaribia mita 10. Mwanzoni niliishia ngazi ya 10 ili kupunguza ukubwa wa faili, tena nikailainisha mno mistari ya ufuo, yaani nikaipunguzia kona zake. Nilipoipeleka ramani mwaloni Kibirizi, mama mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia, “Mwanangu, hapa ninapoanika dagaa umepaweka majini.” Vichanja vyake vilikuwa mbele yetu, pakavu kabisa, na kwenye simu mstari wa ufuo ulikuwa umepita nyuma yake, mkali na usio na doa.

Nilitengeneza vigae upya hadi ngazi ya 14, na ufuo sikuulainisha tena katika ngazi hiyo.