Je, wajua? Kwa nini baadhi ya watu weusi walijiandikisha upande wa wenye watumwa

Kuna picha inayozunguka mtandaoni: askari weusi wamejipanga ndani ya sare nadhifu, na maelezo yanasema ni kikosi cha Louisiana Native Guard, mwaka 1861, kilichopigania Kusini, yaani majimbo ya utumwa yaliyojitenga, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Picha ni ya kweli, maelezo ni ya uongo. Ilipigwa Philadelphia, na hao ni askari wa Kaskazini, upande wa serikali ya Marekani. Aliyeichezea alimkata ofisa mzungu aliyesimama pembeni yao.

Lakini kikosi chenye jina hilo kilikuwepo kweli. New Orleans, mji mkubwa wa jimbo la Louisiana, wakati huo ulikuwa na weusi na machotara zaidi ya 10,000 ambao hawakuwa watumwa: mafundi, wafanyabiashara, wenye nyumba, wengi wao wasemaji wa Kifaransa. Wachache walimiliki watumwa wao wenyewe. Vita vilipoanza Aprili 1861, mamia yao walijiandikisha katika jeshi la mgambo la jimbo, wakajinunulia sare na silaha kwa fedha zao.

Kwa nini? Baba na babu zao walipigana chini ya Jenerali Andrew Jackson kuulinda mji huo dhidi ya Waingereza mwaka 1815, na heshima ile hawakutaka ipotee. Mali nayo ilihitaji kulindwa. Ila mimi naona hofu ndiyo iliyotangulia. Mtu mweusi huru katika nchi ya utumwa hutazamwa kwa jicho la shaka kila siku, sembuse wakati wa vita. Jenerali Benjamin Butler wa Kaskazini, aliyeuteka mji huo mwaka 1862, aliandika baadaye kwamba alipowauliza, walimjibu kuwa hawakuthubutu kukataa.

Na Kusini yenyewe haikuwataka. Walipigishwa gwaride, wakaonyeshwa magazetini, lakini hawakupelekwa vitani hata mara moja. Mapema mwaka 1862 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba mgambo ni wa wazungu tu. Meli za Kaskazini zilipokaribia, gavana akawaita tena. Mji ukaanguka, kikosi kikasambaratika.

Baadhi yao walihamia upande wa pili. André Cailloux, fundi wa kusokota sigara aliyezaliwa mtumwa, alikuwa luteni katika kikosi kile cha kwanza. Mei 27, 1863, sasa akiwa kapteni wa Kaskazini, aliwaongoza watu wake kuishambulia ngome ya Kusini ya Port Hudson, akitoa amri kwa Kiingereza na Kifaransa. Mkono mmoja ulivunjwa na risasi, akaendelea kusonga mbele mpaka alipouawa. Mwili wake ulibaki uwanjani hadi ngome iliposalimu amri mwezi Julai.

Weusi wengi zaidi waliokuwa na jeshi la Kusini hawakuwa askari kabisa. Walikuwa watumwa: walichimba mahandaki, walipika, walifua, walibeba majeruhi. Silas Chandler wa Mississippi anaonekana katika picha moja maarufu ameketi na silaha kando ya Andrew, kijana wa bwana zake. Alipelekwa vitani kumtumikia, na Andrew alipojeruhiwa katika mapigano ya Chickamauga mwaka 1863, Silas ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Wazo la kuwapa watumwa bunduki lilitolewa na Jenerali Patrick Cleburne wa Kusini Januari 1864, likazimwa kimyakimya na rais wa Kusini, Jefferson Davis. Mwaka mmoja baadaye Howell Cobb wa Georgia, jenerali wa Kusini, aliandika waziwazi kwamba kama watumwa watakuwa askari wazuri, basi nadharia yao yote kuhusu utumwa ni potofu. Maji yalipofika shingoni, sheria ikapita Machi 13, 1865, bila kumwahidi mtumwa uhuru. Makundi machache yalianza kufanya mazoezi Richmond, mji mkuu wa Kusini. Mji ulianguka Aprili 3.

Sasa, hoja ya maelfu ya askari weusi wa Kusini inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye makaratasi ya pensheni. Mississippi ilianza kuwalipa pensheni weusi waliotumika katika jeshi la Kusini mwaka 1888, na majimbo mengine yakafuata baadaye sana. Wanaoyaonyesha leo kama ushahidi huwa hawasomi kichwa cha fomu, kinachosema ni ya watumishi wa askari.