Cilacap Haina Meya, Jamani

Juzi tena. Mteja kanirudishia ramani, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Onyesha ofisi ya Meya wa Jiji la Cilacap." Mara ya nne mwaka huu.

Hakuna meya. Cilacap, pwani ya kusini ya mkoa wa Java ya Kati, Indonesia, ni kabupaten, yaani wilaya, na kabupaten huongozwa na bupati, mkuu wake. Mwenye meya, yaani wali kota, ni kota, mji wenye serikali yake. Zote ziko ngazi moja chini ya mkoa; kota si makao makuu ya kabupaten wala kabupaten si shamba la kota. Anayejua Kibaha Mji na Kibaha Wilaya hapotei hapa. Tegal ndivyo ilivyo: kuna Kota ya Tegal na Kabupaten ya Tegal, na hiyo ya pili makao yake yako Slawi.

Najua kinachowakoroga. Mji wa Cilacap upo, una bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pertamina, kampuni ya mafuta ya serikali. Lakini hauna serikali yake. Umegawanywa katika kecamatan (tarafa, tuseme) tatu, Utara, Tengah na Selatan, yaani kaskazini, kati na kusini, kati ya 24 za kabupaten nzima. Zilizobaki ni mashamba ya mpunga, milima na, huko Dayeuhluhur, watu wanaoongea Kisunda kana kwamba mpaka wa Java Magharibi haupo.

Sasa lurah, mkuu wa kelurahan. Mkimwita lurah "mwenyekiti wa kijiji" nachemka. Chini ya kecamatan kuna vitu viwili, desa na kelurahan, na tofauti si ukubwa wala lami. Kepala desa, mkuu wa desa, huchaguliwa kwa kura, na desa ina bajeti na mali yake. Lurah ni mtumishi wa serikali. Anateuliwa, anahamishwa, jioni anarudi nyumbani. Kwetu ungesema mmoja ni mwenyekiti, mwingine ni mtendaji. Cilacap ina kelurahan 15 tu, zote ndani ya zile kecamatan tatu za mji. Kote kwingine ni desa. Ukizipaka rangi moja umemwambia msomaji kwamba watu wa mjini wanamchagua kiongozi wao wa mtaa, na hawamchagui. Uzito wenyewe wa jambo uko hapo, si kwenye tahajia. (Wajava wenyewe huko vijijini humwita kepala desa "Pak Lurah", Bwana Lurah. Mazungumzoni sawa. Kwenye ramani yangu, hapana.)

Bahari niipitie haraka: tangu sheria ya 2014, maji ya pwani hadi maili 12 yanasimamiwa na mkoa. Kwa hiyo msinipakie rangi ya kabupaten baharini.

Pale ambapo hata mimi sijiamini ni Segara Anakan, maji yaliyobanwa kati ya Java na kisiwa cha magereza cha Nusakambangan. Mto Citanduy unamwaga tope humo miaka nenda rudi, mikoko inashika, tope linakuwa ardhi, ardhi inalimwa. Kecamatan ya hapo inaitwa Kampung Laut, kijiji cha baharini, na sehemu yake leo ni mpunga. Mstari wa pwani nauweka wapi? Maji yakijaa ni huku, yakipwa ni kule, na picha ya setilaiti haisemi ilipigwa saa ngapi ya maji. Nachora nukta nukta, naandika tarehe ya picha. Mteja yuleyule kaniuliza kwa nini mstari wangu umekatika.